Kinini na Sukari

Kama kuna neno lililompandisha Kavugho mori, lilikuwa kinini. Alikuwa na duka la dawa katika komini moja ya mji wa Kisangani, Kongo, chumba kimoja mbele ya nyumba, rafu za mbao na kaunta ya kioo iliyopasuka kona moja, na kutoka kufungua hadi kufunga watu walimjia na neno hilo mdomoni. Kinini ya kichwa. Kinini ya tumbo. Kinini ya minyoo. Enzi za wakoloni watu walipewa kwinini kwa ajili ya malaria, wakaiita kinini, basi jina likapata miguu, likatembea hadi kila kitu kidogo cha mviringo kinachomezwa kwa maji kikaitwa hivyo. Kavugho alikuwa amesomea uuguzi kwa masista huko Butembo kabla ya kumfuata mumewe Kisangani kwa biashara, na kwake yeye huo ulikuwa uvivu wa ulimi.

"Kinini iko dawa moja tu," aliwaambia wateja. "Ile ya malaria, ile chungu. Hizi zingine ziko na majina yao, sawa vile wewe uko na jina yako. Ama nikuite mutu tu? Eh, mutu, kuya hapa?"

Watu walicheka mpaka wakashika kaunta. "Tumesikia, mama Kavugho. Alors, unipatie kinini ya kichwa."

Chini ya kaunta aliweka kitabu chake cha dawa, kinene, cha Kifaransa, kimefungwa mgongo kwa plasta ya vidonda. Wengine wana novena, sala zao za siku tisa, yeye alikuwa na kitabu hicho. Alijua kila dawa inatibu nini, kipimo cha mtoto na cha mtu mzima, nani asipewe, inagombana na dawa gani nyingine. Alipenda zaidi yale maandishi madogo ya mwisho ambayo wenye maduka wengine hawakuyasoma. Mteja akinunua dawa alipewa na maandishi madogo bure, atake asitake.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Kavugho hakumkosoa: papa Amuri, fundi wa kushona wa nyumba ya nyuma, mzee wa Kiislamu wa zile familia zilizokuwa Kisangani tangu enzi za misafara. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila alipokuja kuchukua vidonge vyake vya glibenklamidi, vinavyoteremsha sukari ya damu, alisema kwa upole wake wote, "Mwanangu, nimefuata kinini yangu ya sukari." Kavugho alimpa, akameza somo lake. Mzee ni mzee, humfundishi kuongea.

Nyumbani kwa papa Amuri sukari ilikuwa haramu sawa na pombe. Chai ilinywewa bila sukari na wote, maana mkwe wake Khadija, mjane wa mwanawe, hakumwamini mzee akiwa karibu na kopo la sukari. Mjukuu wa pekee, Mwanahamisi, mtoto wa miaka sita, ndiye aliyelipa bei ya sheria hiyo. Babu yake alimwita mke wake mdogo, akimtania kwamba atamwoa siku meno yake ya mbele yatakapoota, na mtoto alipenda kupenyeza mkono langoni kwa Kavugho kuomba chembe chache za sukari alambe. Kavugho alimpa. Hayo yalikuwa ya wawili.

Kisha, mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, marafiki wa jana, wakaanza kupigana ndani ya mji ambao haukuwa wa baba zao. Wapiganapo tembo nyasi huumia, walisema wahenga, wakaenda zao. Hawakusema nyasi zinywe maji gani bomba likikauka, wala zijifiche wapi. Mabomu yalipita juu ya mabati yakipiga mluzi, mengine yakaangukia yalikotumwa, mengi yakaangukia watu waliokuwa wakipika. Mume wa Kavugho, Néhémie, alikuwa Butembo kufuata mali, na hapakuwa tena na ndege ya kumrudisha hadi uwanja wa Bangboka. Kavugho akabaki peke yake, amelala sakafuni nyuma ya kaunta, kichwa juu ya kitabu chake.

Mabomu yaliponyamaza, nyumba ziliongea. Hakuna aliyethubutu kutoka barabarani, kwa hiyo watu waliitana kutoka uani hadi uani, juu ya kuta.

"Muko bazima?" Hiyo ilikuwa sauti ya Khadija.

"Niko!" alijibu Kavugho.

"Kwa mama Pélagie je?"

"Tuko! Élie anakohoa tu!" Pélagie alikaa upande wa pili wa papa Amuri, na Élie alikuwa kitindamimba wake, bado ananyonya.

Sauti ikaenda hivyo, nyumba kwa nyumba, hadi ikapotea mbali. Mtaa mzima ulijua nani amepata kunde, nani amechimba choo ndani ya nyumba, nani amekufa. Masikio hayakuwa na kazi nyingine.

Asubuhi ya siku ya tatu Khadija, ambaye alimwita Kavugho "ya" au "yaya", yaani dada mkubwa, aliita kwa sauti nyingine.

"Ya Kavugho! Mutoto iko na homa! Usiku yote anatetemeka, anaongea mambo haina kichwa!"

Kavugho aliinuka akakimbilia ukutani, uani kwake. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko mtu, juu yake vipande vya chupa vilivyopandwa na mwenye nyumba wa zamani aliyeogopa wezi. "Anatapika?"

"Hapana! Homa tu!"

"Kinini iko kwenu?" Alikumbuka kwamba mwezi uliopita alimuuzia Khadija kwinini, na ilipaswa kuwa imebaki.

"Iko! Iko nyingi!"

Kavugho akashukuru Mungu. Mbali huko ng'ambo ya mto Tshopo mzinga ukakohoa, akajua muda umekwisha. Lakini Kavugho ni Kavugho. Hata hapo, kichwa kimeinama kusikiliza bomu linakuja wapi, aliyakumbuka maandishi madogo. Kwinini huweza kushusha sukari ya damu, hasa kwa mtoto mdogo, hasa akiwa hajala. Mtoto apewe kitu kitamu pamoja na dawa. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Bon! Mumupe kinini na sukari! Asubuhi, midi, magaribi! Unasikia? Kinini na sukari!"

"Kinini...?"

"Na sukari! Kinini na sukari!"

"Tumesikia! Aksanti, yaya!"

Bomu likaanguka upande wa soko dogo, vumbi likashuka kutoka darini, na Kavugho akarudi nyuma ya kaunta kwa magoti. Alijisikia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Katikati ya uharibifu ule wote alijisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa ametibu mtu, tena kwa usahihi, tena bila kuacha neno.

Mabomu yalipiga mchana kutwa. Alasiri yakapumua tena, na sauti ya Khadija ikapanda juu ya ukuta, nyepesi, karibu ya kicheko.

"Ya Kavugho! Homa imeshuka! Mwili imepoa kabisa! Analala tu, jasho inamutoka kama mvua!"

"Mungu asifiwe!"

"Papa Amuri anakusalimia sana! Anasema hakujua kama kinini yake inatibu homa pia!"

Kavugho alikuwa ameanza kugeuka arudi ndani. Mguu ukabaki hewani.

"Kinini yake?"

"Ile ya sukari! Si ulisema! Tumemupa asubuhi moja, midi moja!"

Kuna hofu inayokuja na kelele, na Kavugho alikuwa ameshaizoea kwa siku tatu. Hii haikuwa na kelele. Kinini na sukari. Kinini ya sukari. Na, ya. Herufi moja imepotea ukutani kati ya bomu na bomu, na mtoto wa miaka sita mwenye tumbo tupu amemezeshwa vidonge viwili vya kuteremsha sukari ya mzee. Jasho hilo halikuwa la kupona. Baridi hiyo haikuwa ya kupona. Usingizi huo, kitabu chake kilikuwa na jina lake, na baada ya jina hilo kiliandika kifo tu.

"Khadija! Usimupe tena! Musikilize: sukari! Mumupe sukari!"

"Eeh, tutamupa! Magaribi!"

"Hapana! Si kinini! Sukari! Sukari tu, sasa hivi!"

Akasikia Khadija akimwambia mtu ndani, "Papa, anasema tusingoje magaribi. Mumupe ile ya sukari sasa hivi."

Kavugho alipiga yowe. Akalipiga tena, "Hapana!", na mara hiyo mzinga ukajibu kabla ya Khadija, na mwingine, na hapakuwa tena na sauti ya mtu mtaani. Akaelewa kwa mshtuko kwamba kila alichokisema juu ya ukuta ule kilikuwa kinamuua mtoto. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyomwua. Na sukari aliyoipigia kelele nyumba ile haikuwa nayo hata punje.

Alichukua kopo la maziwa alimoweka sukari yake ya chai, lilikuwa limebaki kama nusu. Akachukua chupa ndogo nne za glukosi ya sindano, zile za kuvunjwa shingo, na sindano, akavifunga vyote ndani ya kitenge kifuani. Ukuta haupandiki. Mlango wake ulitazama avenue moja na mlango wa papa Amuri ulitazama nyingine, kwa hiyo ilibidi azunguke kona kwa barabara, mahali ambapo tangu siku ya kwanza hakuna aliyepita isipokuwa askari na mbwa.

Alikimbia ameinama, bega likikwaruza kuta. Mbele ya duka la baiskeli kulikuwa na mtu amelala kifudifudi, na Kavugho, muuguzi, alimruka bila kumgusa. Alipofika kona mluzi wa bomu ukaja chini, chini kabisa, akajitupa ndani ya mfereji wa maji machafu. Ardhi ikampiga kifuani. Alipoinuka masikio yalikuwa yanalia na kitenge kilikuwa kimelowa. Akajua kabla hajapapasa kwamba ni glukosi. Aliendelea kukimbia akiwa amelikumbatia kopo.

Lango la papa Amuri lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Alipiga kwa jiwe na kujitaja jina mpaka Khadija akafungua, uso umejaa mshangao, kwa maana nani anatembelea jirani saa kama zile?

"Mumemupa ya tatu?"

"Papa anaisaga. Mutoto hataki kumeza, meno yamefungana..."

Kavugho alimsukuma akapita. Familia ilikuwa imejificha chini ya meza kubwa ya kukatia nguo, wamezungushia marobota ya vitambaa. Papa Amuri alikuwa ameketi chini, kanzu imeshika vumbi, mke wake mdogo, Mwanahamisi, amelala mapajani mwake, na mkononi alikuwa na kijiko chenye unga mweupe na maji kidogo. Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Kavugho alikipiga kikaruka hadi kwenye cherehani.

Hakuna aliyewahi kumpiga papa Amuri mkono. Mzee alimtazama, mdomo wazi.

"Mwanangu?"

Kavugho alipiga magoti. Mtoto alikuwa wa baridi, amelowa nywele hadi nguo, macho nusu wazi yasiyoona. Alimfinya, hakushtuka. Akafungua kitenge: chupa tatu zilikuwa vigae, moja ilikuwa nzima. Akachovya kidole katika kikombe cha maji kilichokuwa kando ya mzee, kisha kwenye sukari, akakipitisha ndani ya shavu, kati ya fizi na meno yaliyofungana, akasugua, akachovya tena.

"Kitu ya kufunga mukono! Upesi!"

Papa Amuri alivua shingoni utepe wake wa kupimia nguo. Kavugho akaufunga kwenye mkono ule mwembamba, akatafuta mshipa. Bomu likapiga, vumbi likaanguka juu ya sindano, akapuliza, akangoja, akachoma. Damu ikarudi kidogo ndani ya sindano, akajua ameupata mshipa. Akasukuma glukosi polepole, vile kitabu kinavyotaka.

Khadija alikuwa anasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akifika mwisho anaanza tena. Papa Amuri hakusoma. Alikuwa anaangalia kijiko chake pale chini ya cherehani.

Mtoto alikunja uso. Ulimi ukatoka, ukalamba mdomo. Macho yakatafuta mtu, yakampata Kavugho.

"Iko tamu," alisema Mwanahamisi.

Khadija alianguka juu ya miguu ya mwanawe akalia kama mtu aliyefiwa. Kavugho naye alitaka kulia lakini hakuwa na nafasi. Alikoroga sukari na maji ndani ya kikombe, akamnywesha kwa vijiko. Alijua, kwa maandishi madogo hayohayo, kwamba dawa ile haitoki upesi. Inakaa mwilini hadi kesho, na kila ikikaa inazidi kula sukari. Mtoto angeamka, angezama tena, angeamshwa tena. Akatazama ndani ya kopo na kupiga hesabu. Ingetosha, ikiwa atakuwa mchoyo nayo, na ikiwa hawatadharau hata ile iliyobaki vidoleni.

"Papa Amuri," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. "Ile kinini yako inaangusha sukari katika damu. Kwako iko dawa. Kwa mutoto iko sumu. Mimi nilisema kinini na sukari. Kinini ya malaria, na sukari ya chai."

"Kinini ya malaria haiko," alisema Khadija. "Nilimupa dada yangu alipoenda Bengamisa. Uliuliza kama kinini iko, nikaona chupa ya papa. Kisha ukasema ya sukari. Nikasema, yaya amejua ile tuko nayo."

Hapo ndipo Kavugho alipoona jambo zima, na alitamani asingeliona. Miaka yote amewakosoa watu kwa neno hilo. Siku ya hatari amelitumia kama anavyowafundisha, kwa dawa moja tu ya malaria, na wao wamemwelewa kama wanavyolitumia wao kila siku: kila kidonge ni kinini. Ya kichwa, ya tumbo, ya sukari.

"Nilimupa kwa mukono yangu," alisema papa Amuri. Alikuwa anaongea na mtoto, mke wake mdogo, si nao. "Bibi yangu. Mimi niliacha kumeza tangu asubuhi, nikasema yake isipunguke. Nikasema mimi muzee, niache sukari inipande, yeye apone."

"Ni mulomo yangu, papa. Si mukono yako."

"Mulomo, mukono." Mzee alifuta jasho kwenye paji la mjukuu wake kwa ncha ya kanzu. "Ungekaa kwako na mulomo yako, tungekuwa sasa tunamuosha kwa kumuzika. Lete kikombe, mimi nitamunywesha."

Kavugho alimpa kikombe. Mzee alishika kijiko kingine, kisafi, akamwonyesha kwanza Kavugho kilichomo, kama mwanafunzi, kisha akakipeleka mdomoni mwa mtoto. Walikaa hivyo chini ya meza, wakisikiliza mabomu yakisogea kuelekea mtaa wa Mangobo, mbali kidogo, mbali zaidi. Mtoto alianza kulalamika kwamba utepe unamwuma. Hakuna malalamiko yaliyowahi kupokelewa vizuri kama hayo.

Kimya kikaja. Kuta zikaanza kuongea, kwanza mbali, kisha karibu. Muko bazima? Tuko. Muko? Papa Léon amekufa, mtufikishie kwa ndugu zake. Kisha sauti ya Pélagie ikapanda kutoka upande wa pili, ya furaha, ya mtu mwenye habari njema za kugawa.

"Mama Khadija! Mutoto wenu ameamka?"

"Ameamka!" Khadija alijibu, machozi bado usoni. "Ya Kavugho iko hapa kwetu!"

"Iko hapo? Umuambie aksanti mingi! Élie wetu alishikwa na homa tangu jana. Asubuhi tulisikia vile alikuwa anawaambia, na sisi tukamupa. Kinini na sukari! Sasa amepoa, analala muzuri, hata titi hataki!"

Kijiko kikasimama mkononi mwa papa Amuri. Khadija alimgeukia Kavugho. Ukuta wa upande ule ulikuwa mfupi, hauna chupa juu, na nyuma yake zilikuwa nyumba, na nyuma ya nyumba hizo nyumba nyingine, zote zenye homa, zote zenye masikio.

Kavugho alitoka chini ya meza akatembea hadi uani. Hakupaza sauti. Aliogopa sauti yake.

"Mama Pélagie," alisema, akiwa ameegemea ukuta kwa viganja viwili. "Kinini gani?"

Upande wa pili wakaulizana kidogo.

"Ile nyeupe," alisema Pélagie. Dawa nyeupe zilikuwa nyingi, na ya papa Amuri ilikuwa nyeupe pia.

Kavugho alirudi mezani akanyoosha mkono, na papa Amuri, bila kuulizwa, akamkabidhi kopo lile la sukari iliyotosha mtoto mmoja tu.